VETA, uanagenzi, JKT au BBT: kwa aliyeko Dodoma kipi kinafikisha kwenye kazi?

Mwana_Mkonze

Habari za jioni wanajukwaa. Naombeni mawazo, nina kama wiki mbili tu za kuamua na kichwa kimejaa. Nimeuza alizeti, nikatenga laki saba kwa ajili ya mafunzo ya ufundi hapa Dodoma. Njia nilizotajiwa ni kozi ndefu ya vyuo vya ufundi vya VETA, yale mafunzo mafupi ya vitendo ya uanagenzi ambayo serikali inalipa ada, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na wapo wanaoniambia nisubiri BBT, ule mpango wa serikali wa kilimo kwa vijana, kule Chinangali. Kila ninayemuuliza anavutia upande wake. Kwa mliopita huko, kipi kinamfikisha mtu kwenye ajira mapema? Natanguliza shukrani.

FundiSwichi

Mkuu karibu, ila hujatupa pa kushika. Anayekwenda kusoma ni nani, wewe au mtoto wako? Ana umri gani? Kaishia darasa la ngapi? Anataka fani gani? Atakaa nyumbani au atapanga? Laki saba inaweza kutosha na kubaki, na inaweza kuisha kabla ya likizo ya kwanza. Jibu hayo kwanza.

Mzee_wa_Reli

Mpeleke JKT. Makutupora ipo hapo hapo Dodoma. Jeshi hili limeanzishwa 10 Julai 1963 na limelea watu wengi mnaowaona leo wameshika kazi zao vizuri. Kijana akitoka huko anajua kulima, kujenga, kufuga, na anajua kuamka. Mafundi wengi wa sasa wana ujuzi lakini saa mbili asubuhi bado wako kitandani, na mwenye nyumba anasubiri na saruji imeshafika.

Nzuguni_Kwetu

Shikamoo mzee wangu. JKT ni pazuri, lakini tuseme yote. Matangazo yao yenyewe huwa yanaandika wazi kwamba jeshi halitoi ajira wala halimtafutii mtu ajira, linafundisha vijana wakajitegemee. Mkataba wa kujitolea ni miaka miwili. Na umri wanabana, mwenye kidato cha nne akishapita miaka 20 kwa kawaida hawamchukui. Ndiyo maana FundiSwichi anauliza umri.

Mzee_wa_Reli

Marahaba. Sikusema wanatoa ajira. Nimesema wanatoa mtu.

Mwana_Mkonze

Nilikuwa saiti, ndiyo kwanza nafika nyumbani. Anayesoma ni mdogo wangu wa kike, ana miaka 23. Kamaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri. Anataka umeme wa majumbani, ushonaji na mapishi hataki hata kuyasikia. Anakaa kwangu Mkonze. Ana mtoto wa miaka miwili.

FundiSwichi

Sawa, sasa tunaongea. Kwa umeme mimi nasimama na kozi ndefu ya VETA, na nitaeleza kwa nini.

Ada yenyewe si ya kutisha. Vyuo vya VETA kozi ndefu ada iliwekwa 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Inayokula hela ni michango mingine: sare, vifaa vya mafunzo, ovaroli, buti, bima, hela ya mtihani, nauli. Akitokea Mkonze ni wa kutwa, kwa hiyo laki saba inamvusha mwaka wa kwanza vizuri na inabaki ya kununua testa, koleo, bisibisi na mita yake mwenyewe. Huo mzigo wa vifaa usiudharau. Fundi asiye na vifaa vyake anabaki kuwa msaidizi wa mwenye navyo.

La pili, umeme una leseni. Ukitaka kufunga nyumba za watu kihalali unatakiwa uwe na leseni ya EWURA, ile mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na leseni inaombwa kwa cheti. Mteja akiomba kuunganishiwa umeme TANESCO, lazima kazi ya ndani ya nyumba ithibitishwe na mkandarasi mwenye leseni, agonge muhuri wake. Asiye na leseni anachimbia bomba ukutani, anavuta waya, anafunga mein swichi, halafu anamtafuta mwenye muhuri na kumkatia fungu. Nimewaona vijana wazuri kuliko mimi kwa mikono, kila nyumba wanagawana na mtu ambaye hata hakufika saiti. Leveli ya kwanza, ya pili na ya tatu, ndizo hatua za cheti cha VETA, zinakufungulia huo mlango.

Nzuguni_Kwetu

Kaka FundiSwichi la leseni nakubaliana nalo kabisa. Lakini unaongea kana kwamba huyo dada ana miaka mitatu ya kukaa bila kuingiza shilingi, na ana mtoto.

Mimi ni zao la uanagenzi, fani ya uchomeleaji. Hii ni sehemu ya Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi iliyoanzishwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Mafunzo ni miezi sita, wanachukua vijana wa miaka 15 hadi 35, ada inalipwa na serikali, mnapangiwa kwenye vyuo vya VETA na vingine vilivyoingia mkataba, Don Bosco wakiwemo. Sehemu kubwa ni vitendo. Mwezi wa kwanza nilikuwa sijui kushika holda, mwezi wa mwisho nilikuwa nafunga fremu ya geti peke yangu na mwalimu anakagua pembe tu.

Ila watu wakisikia "bure" wanadhani kila kitu ni bure. Awamu yangu ada ililipwa, lakini kula, kulala na nauli vilikuwa juu yangu. Kutoka Nzuguni kuja mjini kila siku, daladala kwenda na kurudi, chai na mchana, hiyo ni hela. Tulianza wengi, na walioacha njiani hawakushindwa masomo, walishindwa nauli. Kwa hiyo huyo dada akipata uanagenzi, laki saba ya kaka yake ndiyo itakayomfikisha mwisho. Msije mkainunulia pikipiki kwa sababu ada ni bure.

Mama_Chilonwa

Hamjambo wanangu. Naona mnagombania kozi na mtoto mmemsahau. Binti atamwacha na nani kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi? Mwana_Mkonze, mkeo amekubali kumlea?

Nawaambia habari ya vyuo vya maendeleo ya wananchi, maana hamvitaji kabisa. Vipo 54 nchi nzima, vilianza mwaka 1975, na vilianzishwa kwa ajili ya watu wazima walioachwa na shule. Kondoa kipo Munguri, Mpwapwa kipo Chisalu. Hawamwangalii mtu umri wala hawamkodolei macho kwa sababu ya alama zake. Na vingi vina sehemu ya kulelea watoto wakati mama yuko darasani, kwa sababu vimekuwa vikipokea wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito. Umeme wa majumbani unafundishwa. Binti wa jirani yangu alikwenda na mtoto mgongoni, wanalala bweni, asubuhi anamwacha pale pale chuoni, saa nne mapumziko anakwenda kumnyonyesha. Leo anafunga umeme Chamwino na mtoto yuko darasa la pili.

FundiSwichi

Shikamoo mama. Hapo umegusa penyewe. Vyeti vyao lakini vina uzito ule ule?

Mama_Chilonwa

Marahaba mwanangu. Wanaosoma kozi ndefu za ufundi wanafanya mitihani hiyo hiyo ya VETA. Aulize chuo anachokwenda kwamba fani yake inaishia leveli ya ngapi, maana si vyote vina leveli ya tatu.

Kijana_wa_Kibaigwa

Mnamzungushia huyo dada. Ajira yenyewe iko wapi? Mkimaliza wote mnakuja kugombania nyumba zile zile za Ilazo na Nala. Mimi ningesema aombe BBT au aingie kwenye kikundi achukue mkopo wa halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ni ya wananchi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, na hakuna riba. Kozi bila mtaji ni karatasi.

Binti_Bahi

Kabla hamjaenda kwenye mtaji, naomba niseme juu ya hayo mafunzo ya vitendo kazini, kwa sababu mnayasifia na mimi yaliniumiza. Chuo sitakitaja na gereji sitaitaja.

Nilisoma ufundi magari kozi ya miezi michache iliyofadhiliwa. Darasani tulikwenda vizuri. Kisha tukapelekwa kwenye gereji kwa ajili ya vitendo, na huko ndiko tulikotakiwa kujifunza injini. Nilipofika, mwenye gereji alinitazama juu mpaka chini, akaniuliza nani amenituma, akaniambia nikae na dada wa chai. Sikukaa. Nikapewa beseni la dizeli na brashi nioshe spea. Nikaosha. Siku ya pili spea, ya tatu spea. Injini ikishushwa naambiwa nisogee nisije nikaumia. Wenzangu wa kiume wawili walikuwa wanaitwa kushika taa, wakishika taa wanaona fundi anafanya nini. Mimi nilikuwa natumwa sukari.

Tulikuwa na kitabu cha kumbukumbu, kila wiki uandike umefanya nini na msimamizi asaini. Nikawa naandika ukweli: nimeosha pistoni, nimefagia, nimenunua vocha. Msimamizi akakisoma siku moja, akakasirika, akaniambia kitabu hiki kikienda chuoni kitanichafua. Wiki ya mwisho alikaa mezani akakijaza chote yeye, kwa mwandiko wake: kufungua silinda hedi, kubadilisha klachi, kurekebisha breki. Akasaini kurasa zote kwa kalamu ile ile. Mwalimu aliyetakiwa kuja kutukagua alipiga simu tu, akauliza "mnaendeleaje", mwenye gereji akajibu kwa niaba yetu.

Nilipata cheti na alama nzuri. Nikaenda kuomba kazi sehemu, wakanipa gari dogo nibadilishe klachi. Nilisimama mbele ya lile gari nimeshika spana, na cheti changu kilikuwa kimeandika kwamba ninajua. Nililia kwa hasira, si kwa aibu, kwa sababu miezi yangu ilichukuliwa na mtu na serikali iliilipia.

Niliokolewa na fundi mmoja mzee pale Bahi ambaye hakunidai hata mia, akanifundisha upya kuanzia kufungua tairi. Sasa hivi nashusha giaboksi. Kwa hiyo Mwana_Mkonze, usiulize tu VETA au uanagenzi. Uliza vitendo anakwenda kufanyia kwa nani, na nani anakwenda kumkagua. Na kwa kuwa ni msichana kwenye fani ya wanaume, uliza mara mbili.

Mama_Chilonwa

Pole sana binti yangu. Umesema vizuri na umefanya vizuri kusema.

Nzuguni_Kwetu

Pole dada. Hilo lipo na sikatai. Kwetu tuliokwenda kwenye karakana ya chuo hatukuliona kwa sababu mwalimu alikuwa juu yetu muda wote. Waliopelekwa mitaani ndio walitawanyika, mmoja bahati, mwingine kama wewe.

Afisa_Rasilimali

Naongea kama mtu ninayepokea wanafunzi wa vitendo ofisini. Tatizo la Binti_Bahi linaanzia hapa: mwenye gereji anapewa mwanafunzi, hapewi kitu, na haulizwi kitu. Kwake huyo ni mikono ya bure. Wapo wanaojitolea kufundisha kwa moyo, na ni wengi, lakini mfumo usitegemee moyo wa mtu.

Na tusisahau hela inatoka wapi. Waajiri binafsi wenye wafanyakazi 10 na zaidi wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, kwa sasa ni asilimia 3.5 ya mishahara yote wanayolipa, tangu Julai 2023. Sehemu yake ndiyo inaendesha VETA. Mimi kama mlipaji nina haki ya kuuliza kwa nini fundi aliyeosha spea anapata cheti sawa na aliyeshusha injini.

Kijana_wa_Kibaigwa

Asilimia 3.5 tu? Na wengine mnalalamika ni kubwa. Mbona wakulima tunakatwa ushuru wa mazao getini na hatuulizwi kama tumepata faida?

Afisa_Rasilimali

Ilikuwa juu zaidi miaka ya nyuma, ikapunguzwa kidogo kidogo. Ushuru wa mazao ni habari nyingine, fungua uzi wake nitachangia.

Mzee_wa_Reli

Zamani ulikuwa unaingia karakana ya reli unakuta mafundi wamekaa na wanagenzi wao miaka. Hukuruhusiwa kugusa mashine mpaka mwalimu wako aridhike, lakini ukishagusa unajua. Halafu kulikuwa na mtihani wa majaribio ya ufundi, daraja la tatu, la pili, la kwanza. Ukiwa na daraja la kwanza kila mtu anakuheshimu. Hii miezi sita mnayosema inatosha kumjua mtu, haitoshi kumfanya fundi.

Nzuguni_Kwetu

Mzee wangu, mageti yangu yapo Nzuguni, Ipagala mpaka Kisasa. Karibu uyatazame.

Mzee_wa_Reli

Nitakuja. Weka chai.

Mwana_Mkonze

Nimesoma yote na nimempa mdogo wangu asome mwenyewe. Ya Binti_Bahi ameyarudia mara mbili. Anasema anataka kujua kama kwenye umeme nako wasichana wanafanywa hivyo.

Halafu kuna jambo sikuliweka mwanzoni. Hela hii nilikuwa nafikiria pia upande wangu. Mimi ni mwashi, nina miaka 38. Nimejenga tangu nikiwa kijana, tofali, plasta, jamvi, nondo nafunga mwenyewe. Sina cheti chochote. Kule Mtumba nimefanya kazi kwenye majengo ya serikali, ila kila mara nahesabiwa kibarua. Mwenzangu mwenye cheti cha leveli ya pili analipwa ya fundi na mimi ndiye ninayemwonesha kushika timazi. Uanagenzi umri umenipita. Je, nianze VETA upya na watoto wa kidato cha nne?

FundiSwichi

Mkuu, hili ndilo ulitakiwa uanze nalo! Hapana, usianze upya.

Nzuguni_Kwetu

Urasimishaji, kaka. Urasimishaji wa ujuzi. Huo ni kwa ajili yako kabisa.

Afisa_Rasilimali

Wamekuambia jina, ngoja mimi nieleze unavyokwenda. VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo wa mafunzo. Hulipii kukaa darasani kwa sababu hukai darasani kama mwanafunzi. Unajiandikisha, unaeleza kazi ulizofanya, mtathmini anakuja au unakwenda, unapewa kazi uifanye mbele yake. Kwa mwashi anaweza kukwambia jenga kona, pima maji, piga plasta, eleza uwiano wa mchanga na saruji na kwa nini. Maswali mengi ni ya mdomo, kwa hiyo kutojua kuandika sana hakukuangushi. Pakionekana pengo, kwa mfano kusoma ramani au usalama kazini, unafundishwa hilo pengo tu. Ukifaulu unapewa cheti cha leveli unayostahili.

Umri haukuzuii. Programu ya kukuza ujuzi imewahi kugharamia mafundi wengi kupitia njia hii, kwa hiyo uliza VETA Dodoma kama kuna awamu inayolipiwa sasa au unajilipia mwenyewe. Nenda na kitambulisho cha NIDA, barua ya mwenyekiti wa mtaa, na kama una picha za kazi zako kwenye simu au barua ya mkandarasi aliyekutumia, beba.

Mimi nikiona cheti hicho kwenye maombi nakihesabu kama cheti kingine. Nikisema ukweli wote, kwa mwashi nakipenda zaidi, kwa sababu najua aliyekishika ameshajenga.

FundiSwichi

Ongezea kusoma ramani. Hapo ndipo mafundi wa mtaani wengi wanapokwama. Mikono inajua, karatasi haijui. Tafuta mtu akufundishe hata jioni, kabla hujakwenda kwa mtathmini.

Mwana_Mkonze

Kweli ramani nasoma kwa kubahatisha. Vyumba navijua, sehemu za mihimili napotea. Asanteni sana, sikujua kama kitu hiki kipo. Miaka yote hii.

Kijana_wa_Kibaigwa

Haya, sasa mna mafundi wawili ndani ya nyumba moja. Narudi kwenye hoja yangu, mtaji.

Mama_Chilonwa

Kijana wangu, huo mkopo wa kikundi unausifia, wewe umeshaupata?

Kijana_wa_Kibaigwa

Sijaupata mama. Ilisimamishwa Aprili 2023, tukakaa na katiba ya kikundi na muhtasari wa vikao kwenye faili. Iliporudi 2024 taratibu zilibadilika, na halmashauri kumi zikapangiwa kutoa kupitia benki kwa majaribio, Jiji la Dodoma likiwemo. Kongwa sisi hatumo kwenye hizo kumi. Kikundi kinaanzia watu watano. Watatu kati yetu wamehamia Dar, kwa hiyo naandikisha wapya.

Afisa_Rasilimali

Hapo ndipo penye shida ya vikundi vinavyoundwa kwa ajili ya mkopo. Watano hawafanyi kazi moja, wamekutana kwa mtendaji wa kata tu. Kama huyo dada atasoma umeme, kikundi chake kitoke darasani. Watano wa umeme na bomba, wanaojuana kazi. Hao wakikopa wananunua ngazi, drili na mashine ya kukata ukuta, vitu vinavyotumika na wote.

Kijana_wa_Kibaigwa

Hilo nakubali. Na BBT msiipuuze. Awamu ya kwanza vijana 812 walichaguliwa kati ya zaidi ya 20,000 walioomba, wakapelekwa kwenye vituo atamizi kujifunza kilimo, na mashamba yakaandaliwa Chinangali na Ndogowe, wilaya ya Chamwino, hapo pua na mdomo. Umri ni 18 hadi 40. Kaka yetu naye ana 38, anaingia.

Mama_Chilonwa

Mimi naishi upande huo. Hesabu uliyoitoa ndiyo inayonitia wasiwasi, 812 kati ya elfu ishirini. Aombe, hakuna ubaya. Ila asikae nyumbani anasubiri jina lake litoke na mtoto anakua. Kilimo cha huku kinataka maji. Palipo na kisima na mabomba ya matone zabibu inazaa mara mbili kwa mwaka, pasipo na maji mtu anatazama mawingu. Akiitwa aulize maji kwanza.

Kijana_wa_Kibaigwa

Mama, zabibu sasa hivi bei yake ikoje huko? Walikuwa wanasema viwanda vya mvinyo havichukui yote.

Mama_Chilonwa

Msimu uliopita waliovuna wote kwa pamoja waliuza kwa shida. Wenye kukamulia mchuzi na kuuhifadhi walipata nafuu. Nje ya hapo njoo uone mwenyewe, siwezi kukuandikia bei hapa ukaja kunilaumu.

Binti_Bahi

Narudi kwa dada wa umeme kabla uzi haujahamia kwenye zabibu. Mwambie hivi: kwenye umeme nimeona wasichana wawili wanafanya vizuri, na wote walianza kwa kwenda saiti na fundi mmoja anayewaamini kabla ya kwenda chuo. Wewe ni mwashi, kaka, unajua mafundi umeme wa kila saiti. Mtafutie mmoja mwenye heshima, aende naye mwezi mzima. Akivumilia kuchimbia bomba kwa tindo na nyundo jua kali la saa nane, ndipo mlipe ada ya chuo chochote.

FundiSwichi

Naunga mkono. Na mimi niko tayari. Nina nyumba mbili Mkonze zinaanza kuchimbiwa bomba wiki ijayo. Aje na kaka yake siku ya kwanza, aone mazingira. Simlipi mshahara kwa kuanzia, lakini chakula cha mchana nitampa na nauli haitahitajika maana ni karibu.

Nzuguni_Kwetu

Kaka FundiSwichi umetisha. Lakini mwezi huo usimfanye akose kuomba. Tangazo la uanagenzi halina tarehe maalumu, likitoka linakaa muda mfupi. VETA nao fomu za kozi ndefu hutoka kabla ya mwaka wa masomo kuanza Januari. Ajaze vyote. Pia ajiandikishe kwa wakala wa huduma za ajira, TaESA, hailipiwi kitu. Akipigiwa na mtu anayeomba hela ili jina lipite, akate simu.

Afisa_Rasilimali

Hilo la mwisho liwekwe kwa herufi kubwa. Hakuna mpango wa serikali wa mafunzo unaolipiwa kwa namba ya simu ya mtu binafsi.

Mwana_Mkonze

Nimeongea naye. Kwa FundiSwichi atakuja, nitakutumia ujumbe wa faragha mkuu, Mungu akubariki. Mtoto mke wangu amekubali kumshika mchana kwa huo mwezi, baada ya hapo bado hatujajua. Mdogo wangu ameipenda Munguri kwa sababu ya mtoto, mimi naipenda VETA ya hapa kwa sababu analala nyumbani. Hatujaelewana. Mama_Chilonwa, Munguri bweni na mtoto wanatoza vipi?

Mama_Chilonwa

Nitamuuliza mama yake yule binti nikurudishie majibu. Ila pigeni simu chuoni wenyewe, msitegemee maneno ya mtu mmoja, hata yangu.

Mwana_Mkonze

Sawa mama, asante. Mimi upande wa urasimishaji nakwenda VETA Jumatano nikipata ruhusa saiti. Hela nafikiri nitaigawa, ingawa naona kama haitoshi kote kote.

FundiSwichi

Gawa kwa kumpa dada vifaa kwanza. Testa na koleo nzuri, zile zenye mpira uliopimwa kwa volti 1,000, usinunue za kumwagwa chini pale Sabasaba.

Mzee_wa_Reli

Za Sabasaba nyingine ni nzuri. Inategemea unajua kuchagua.

FundiSwichi

Mzee wangu, mpira unapasuka ndani na hauuoni. Kwenye umeme hapo sibahatishi.

Dereva_wa_Kizota

Wakuu samahani naingilia kati. Huo urasimishaji unahusu na waendesha mitambo? Naendesha greda kwenye barabara ya mzunguko, nilifundishwa na fundi wa Kichina saiti, sina cheti, kampuni inamaliza mkataba.

Afisa_Rasilimali

Leseni yako ya udereva ni ya daraja gani? Umeendesha greda tu au na ekskaveta? Na kampuni inaweza kukuandikia barua kabla haijaondoka? Jibu hayo kwanza, na barua iombe wiki hii hii.